Kihariri cha Rangi na Salfa ya Mbekenyera

Jumatatu, 2 Juni 2003

Siku kubwa. Meneja wetu, Bwana Fortunatus, ametangaza kwamba Umoja wa Wakulima wa Korosho Nachingwea na Ruangwa, kwa kifupi UWAKONARU, utakuwa na Mkuu wa Kitengo cha Kompyuta. Chumba chake mwenyewe. Feni ya darini. Kibao cha jina mlangoni. Aliposema kibao nikaona kimeshaandikwa: Severini, Mkuu.

Tatizo ni kwamba kompyuta za umoja ni mbili. Moja iko hapa Nachingwea na mbele yake nimekaa mimi. Ya pili iko Ruangwa na mbele yake amekaa Mwanaima.

Meneja anasema amechoka na ofisi mbili zinazofanya kazi moja kwa namna mbili. Programu ya wakulima iliandikwa mwaka 1994 kwa lugha ya FoxPro ya DOS na mtaalamu wa mradi aliyerudi kwao bila kuacha anwani. Ndiyo inayomjua kila mkulima na mikorosho yake. Kila msimu lazima irekebishwe kidogo, na kuirekebisha unahitaji kihariri, yaani mahali pa kuandikia amri za programu, kama seremala anavyohitaji meza. Mwanaima anatumia kihariri kilekile cha zamani, cha skrini ya bluu. Mimi nina kipya. Ijumaa kitachaguliwa kimoja tu, na mwenye kihariri hicho ndiye atakayetoa orodha ya mgao wa salfa, dawa ya mikorosho, mwaka huu. Orodha ikienda vizuri, cheo ni chake.

Mwanaima amepigiwa simu na kuambiwa. Nasikia alicheka. Acha acheke.

Jumanne, 3 Juni 2003

Nimeitoa CD yangu kabatini. Niliinunua Kariakoo wakati wa likizo, na aliyeniuzia aliniapia kwamba hata mabenki wanaitumia. Kwenye kasha kuna picha ya mzungu mwenye tai akiitazama kompyuta na kutabasamu. Sijawahi kumwona Mwanaima akiitabasamia kompyuta yake.

Kuiingiza kumechukua asubuhi nzima. Umeme ulikatika katikati, nikaanza upya. Ukakatika tena, nikaanza upya tena. Ikaingia. Nikaifungua, na nikiri kwamba nilisisimka mwili mzima. Amri zote zimekuwa za bluu, maelezo ya kijani, namba za zambarau. Kitu ambacho programu haikielewi kinakuwa chekundu na kupigiwa mstari wa mawimbi chini yake. Nilikaa nikiandika upuuzi kwa makusudi ili niuone wekundu. Nimeipa jina: Rangi. Ile ya Mwanaima itaitwa Bluu, maana haina zaidi ya hiyo.

Rangi inaimaliza kompyuta nguvu. Ukibonyeza herufi, unaisubiri itokee. Sioni ubaya. Mwandishi wa programu anapata nafasi ya kufikiri.

Jioni nimeandaa jedwali la kulinganisha, kwa ajili ya bodi. Vigezo nimevichagua mwenyewe kwa haki kabisa. Je, kina rangi? Je, kinatumia mausi? Je, kilikuja kwenye kasha lenye picha? Bluu imepata sifuri kila mahali. Nilitaka kuipa alama moja ya huruma kwa kuwa haijawahi kuharibika hata siku moja, lakini hicho si kigezo.

Jumatano, 4 Juni 2003

Nimekwenda Ruangwa kumchunguza adui. Nilimwambia Meneja nakwenda kukagua kebo. Amiri, dereva wa Land Rover ya umoja, akaniuliza njiani kebo gani. Nikamwambia ndefu.

Mwanaima alinikaribisha kwa heshima zote, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Kompyuta yake ameifunika kanga, na huifunua taratibu kama sahani ya pilau. Hakuna mwingine anayeruhusiwa kuigusa. Anaandika haraka mno, macho hayapo hata kwenye kibodi, na mausi ameifungia drooni. Anasema mausi ni ya watu wasiojua wanakotaka kwenda. Aliuliza pia kama ni kweli nimeleta programu ya kupaka rangi, na kama rangi zenyewe zinaua ukungu wa ubwiriunga kwenye maua ya mikorosho, maana kama zinaua basi salfa ya nini tena. Makarani wote wa Ruangwa wakacheka. Kuna karani mmoja alicheka mpaka akatoka nje.

Nikamjibu kwa vitendo. Alipokwenda kuswali adhuhuri nikafunua kanga na kutia CD yangu kwenye mashine yake, ili akirudi ajionee maajabu. Mashine ikafika katikati na kuganda. Hakuna kilichosogea, si skrini, si kibodi. Nikairudishia kanga vizuri. Nilipokutana naye mlangoni nikamwambia Amiri ana haraka, tunaondoka.

CD nimeisahau ndani. Imebidi Amiri arudi kuichukua. Amekuja na salamu za Mwanaima ambazo sitaziandika.

Ijumaa, 6 Juni 2003

USHINDI!

Bodi yote ilikuwepo, na mbele kabisa alikaa Mzee Halfani, mwenyekiti wa wakulima wa Mbekenyera na mjumbe wa bodi tangu sijaajiriwa. Yeye hakuja kwa ajili ya vihariri. Alikuja kusema kwamba mikorosho imeanza kuchipua maua, na salfa isipopulizwa sasa, ubwiriunga utayakausha yote, na kwa watu wa Mbekenyera hakuna kitu kingine cha kuuza mwaka huu, ufuta wenyewe haukufanya vizuri. Alisema haya kwa upole. Alituomba tuchague haraka chochote tunachochagua.

Mwanaima akaanza. Akafungua Bluu, akaandika, akasahihisha, akahifadhi, akafunga. Akasema ndivyo ilivyo, imefanya hivi miaka yote, na akakaa. Wajumbe walitazamana. Mmoja aliuliza kama imeisha au bado haijaanza.

Nikaingia mimi. Nikaanza na kasha. Likazunguka mkono kwa mkono, wakamtazama mzungu. Kisha nikafungua Rangi. Wakati inafunguka nilihutubia juu ya maendeleo, na bahati nzuri nilikuwa na maneno mengi. Zilipotokea rangi, Meneja akasogea mbele na kuuliza kile chekundu ni nini. Nikamwambia ni makosa, Rangi inayaona yenyewe. Akasema kwa hiyo programu hii ingemkamata hata karani mzembe. Nikasema bila shaka.

Palikuwa na mtikisiko mdogo. Ndani ya Rangi kuna kitu kinachokuuliza maswali mawili matatu halafu kinakufanyia kazi yote chenyewe. Jina lake la Kiingereza ni wizard, yaani mchawi. Nilipowatafsiria hivyo Mzee Halfani akasogeza kiti chake nyuma. Nikasema haraka kwamba sisi tutamwita Msaidizi. Wakapumua.

Kura zikapigwa. Rangi imepita. Mimi ndiye wa kutoa orodha ya salfa, na mgao wa kwanza ni Mbekenyera, Jumatatu ya tarehe kumi na sita. Mwanaima alinifuata koridoni akaniambia neno moja tu: mistari ya zamani ya yule mtaalamu nisiiguse. Nikamuuliza kwa nini, inafanya kazi gani. Akasema hajui, hajawahi kuigusa. Hajui! Miaka yote hiyo amekaa na mistari asiyoijua na anaitwa mtaalamu. Nilicheka mpaka getini.

Jumamosi, 7 Juni 2003

Nimemweleza mke wangu Getruda habari ya feni. Akauliza kama mshahara unapanda pia. Nikamwambia mambo ya cheo hayaanzi na mshahara. Akasema kwake yanaanzia hapo, akaendelea kupepeta mahindi.

Nimekwenda kwa fundi wa vibao kuuliza bei ya herufi za kuchonga. Sijaagiza. Nimechagua tu aina ya mbao.

Jumatatu, 9 Juni 2003

Kazi imeanza. Nimeingiza programu yote ya zamani ndani ya Rangi, na ndipo nilipoona aibu tuliyokuwa tukiishi nayo. Wekundu kila mahali. Yule mtaalamu alikuwa akiandika kwa amri za kizamani ambazo Rangi haizitambui kabisa. Ukurasa mzima una mawimbi kama umetokwa na upele.

Nimefuta. Kila chekundu, nje. Kulikuwa na kipande kimoja cha amri kilichonisumbua, kirefu, kibaya, kinajirudia kabla ya kila sehemu inayochapa jina la mkulima. Kinasema, kwa lugha nyepesi: tazama safu ya pili ya majina, kama kuna kitu, chapa hicho na uiache safu ya kwanza. Sasa mtu mwenye akili timamu anaiachaje ya kwanza na kuchukua ya pili? Safu ya kwanza imeitwa ya kwanza kwa sababu. Na kipande chenyewe kilikuwa chekundu mwanzo hadi mwisho. Nimekifuta kwa raha zangu zote.

Baada ya hapo nikamwita Msaidizi. Akaniuliza nataka orodha. Nikasema ndiyo. Akaniuliza jina alitoe safu gani, na mwenyewe akapendekeza ya kwanza. Mnaona? Hata yeye. Endelea, Endelea, Maliza.

Majina yenyewe sikuyasoma. Kusoma majina ni kazi ya makarani. Mwandishi wa programu hutazama programu.

Jumatano, 11 Juni 2003

Orodha imechapwa. Nzuri kupita kiasi. Kila ukurasa nimeuzungushia nyota, na juu nimeandika UWAKONARU kwa herufi kubwa zenye kivuli. Printa ililia tangu asubuhi hadi Getruda aliponiletea chakula. Yeye alisema nyota zimekula nafasi na majina yamebaki madogo. Hajasomea mambo haya.

Meneja aliipokea, akapitisha kidole kwenye nyota, akasaini. Naye hakusoma. Nimeomba niende mwenyewe Mbekenyera nikaisome mbele ya wakulima kwa kipaza sauti. Akasema hiyo ni kazi ya karani wa ghala. Nikasema kwa orodha ya namna hii, haifai kumwachia karani. Amekubali.

Jumatatu, 16 Juni 2003

Nitaeleza kwa utaratibu.

Tulifika Mbekenyera na lori la salfa. Watu wamejaa uwanja wa ghala, wazee mstari wa mbele kwenye viti, akina mama upande wa pili, vijana juu ya baiskeli zao. Mzee Halfani amevaa kanzu nyeupe, na pembeni yake amekaa mkwewe kutoka Nandagala, baba wa mke wa mwanawe, mgeni wa heshima. Nikashika kipaza sauti. Nikasalimu, nikasema maneno kidogo juu ya teknolojia, nikafungua ukurasa wa kwanza.

Nikasoma: Jalala.

Hakuinuka mtu. Nikadhani kipaza sauti hakifiki. Nikakiongeza. Nikasoma tena kwa nguvu, Jalala, mikorosho ya bondeni, aje achukue salfa yake. Hakuja mtu. Bibi mmoja mzee sana upande wa akina mama akafunika uso kwa kanga na mabega yakaanza kumcheza.

Nikaona nisipoteze muda. Nikasoma wa pili: Makapi. Wa tatu: Ukoko, nikaendelea hivyo hadi mwisho wa ukurasa. Nikauliza hawa watu wako wapi, mbona hawapendi maendeleo. Vijana kwenye baiskeli walikuwa wameshainama wote. Hapo ndipo nilipomtazama Mzee Halfani, nikaona hanitazami. Alimwinamia mkwewe, akamwambia kitu cha chini chini, akasimama, akaenda zake. Wazee wote wa mstari wa mbele wakasimama wakamfuata. Uwanja ukabaki na vijana, viti na mimi.

Nilielewa nikiwa bado nimeshika kipaza sauti. Mikorosho ile ilipandwa na baba zao zamani, na baba akipanda shamba la mtoto aliliandikisha kwenye umoja kwa jina la mtoto. Jina la utotoni. Na kama kwenye nyumba watoto walikuwa wamekufa kabla, huyu aliitwa jina baya makusudi, Jalala, Makapi, ili kifo kimdharau kimpite. Kisha mtoto akaenda jando, akapewa jina la ukubwani, na lile la kwanza likaachwa huko porini. Halitajwi tena. Mke halitaji, mtoto hata halijui. Mimi mwenyewe ninalo langu, na aliyelijua ni bibi yangu, amekufa nalo. Safu ya kwanza ni majina ya utotoni, ili shamba lisipotee. Safu ya pili ni majina ya watu wazima. Na Jalala ni Mzee Halfani.

Lori limerudi Nachingwea na salfa yote. Tulipofika darajani Amiri akaniuliza tu, kwa sauti ya kawaida, rangi ya safu ya kwanza ilikuwa gani. Nikamwambia kijani.

Jumanne, 17 Juni 2003

Meneja aliniita kabla sijavua kofia. Alisema mengi. Alisema yeye mwenyewe ni mtu wa jando, na kwamba angeitwa vile mbele ya mkwe, angehama wilaya. Nilimkumbusha kwamba orodha aliisaini. Haikusaidia.

Hali ni hii. Maua ya mikorosho yanaendelea kufunguka na salfa imelala ghalani. Mzee Halfani ametuma ujumbe kwamba wakulima wa Mbekenyera hawatasogelea kipaza sauti cha umoja mpaka kila mzee aliyetajwa aombwe radhi kwa jina lake, kwa barua, na barua ya kwanza isomwe hadharani palepale walipoaibishwa. Hataki mbuzi wala kitambaa cha fidia. Alisema aibu ilitoka kwenye karatasi, basi na heshima irudi kwenye karatasi. Mjumbe alisema mzee haongei sana, na usiku hakula. Hilo lilinichoma, sitasema uongo. Ni mtu mwema. Alinisaidia kupata kazi hii.

Mwanaima ameitwa kutoka Ruangwa. Amekuja na diski yake ndogo yenye programu ya zamani, akairudisha kwenye mashine yangu, akafungua Bluu, akabadilisha mwaka, akachapa. Kazi kwisha. Kitu alichofanya ni kutofanya kitu, na kwa hicho amefanywa Kaimu Mkuu wa Kitengo. Meneja alimsifu kwa uangalifu wake. Mimi nilimsikia kwa masikio yangu akisema hajui mistari ile inafanya nini. Hadi jana naamini alikuwa bado hajui. Leo anawaeleza makarani kana kwamba aliiandika yeye.

Mimi nimebakizwa kwa uzi. Nitaziandika barua za radhi. Zikikubaliwa, nabaki Nachingwea, na pengine jambo hili litasahaulika. Zisipokubaliwa, nakwenda kutunza ghala la Likunja, ambako hakuna umeme, hakuna kompyuta, na kuna popo. Barua ziwe tayari kesho kutwa asubuhi, maana lori linaondoka na Meneja na salfa, na wakulima hawawezi kusubiri zaidi.

Getruda amesikia sokoni. Ameniwekea chakula na kurudi kupepeta mahindi. Ningependelea anigombeze.

Jumatano, 18 Juni 2003

Asubuhi nilikaa nikatunga barua. Nilitunga kwa moyo. Nilisoma kila neno kwa sauti mpaka machozi yakanilengalenga:

"Kwa unyenyekevu mkubwa tunakuomba radhi wewe mzee wetu kwa kuitwa hadharani kwa jina lisilotajwa. Jina hilo tumelizika. Hakuna mtumishi wa umoja huu atakayelitamka wala kuliandika tena."

Nimempelekea Meneja. Aliisoma mara mbili. Akasema kumbe naweza. Akasema ataisoma yeye mwenyewe kwa kipaza sauti, ile ya Mzee Halfani, mwanzo hadi mwisho.

Kilichobaki ni kuziandika zote. Mwanaima, ambaye sasa amekaa chini ya feni na kanga yake ameitandika juu ya kompyuta yangu, alinishauri niziandike kwa mkono. Alisema kwa jambo la namna hii mkono ni heshima, na tena ukiandika kwa mkono unamwona kila mtu unayemwandikia. Alisema hata yeye na Kulthumu wa masijala wangenisaidia, tugawane. Kwa mkono! Wazee wote wale! Nilimshukuru sana. Nilijua anataka nini. Anataka nionekane mtu wa kalamu, ili Rangi ife kabisa na yeye abaki na cheo.

Walipokwenda kula nikafanya kazi yangu. Programu ya wakulima nimekatazwa kuigusa, na sikuigusa. Lakini faili la majina halikutajwa, na Rangi haikufutwa. Ndani yake, nimegundua leo, yupo Msaidizi wa barua. Unampa barua moja, unampa faili, naye anazitoa zote, kila moja na jina la mwenyewe juu. Hili ndilo nililokuwa nikiwaeleza bodi tangu mwanzo. Kosa la Mbekenyera lilikuwa kosa la orodha. Hizi ni barua, kitu tofauti kabisa.

Msaidizi aliuliza maswali yaleyale. Karatasi ya ukubwa gani. Jina alitoe safu gani, akapendekeza ya kwanza. Nilikuwa na haraka, wangeweza kurudi wakati wowote, na sikutaka kubishana na kitu kinachotumiwa na mabenki. Endelea, Endelea, Maliza. Printa ikaziimba zote bila kukosea hata moja.

Sikuzisoma. Nilishaisoma ya kwanza niliyoitunga, na nyingine zote ni hiyohiyo, isipokuwa jina. Nikazikunja na kuzitia kwenye bahasha na kuzifunga kwa gundi kabisa, zisichafuke. Nje ya kila bahasha nimeandika namba ya shamba tu, kwa kuwa nimejifunza kuwa mwangalifu na majina ya watu.

Mwanaima aliporudi akakuta mafungu yamepangwa mezani. Akanitazama, akauliza barua zote nimeziandika saa ngapi. Nikamwambia kwa mkono. Akanisifu. Akasema labda alinidhania vibaya, na akanisogezea kiti karibu na feni. Nimekaa hapo hadi jioni, na upepo wake ni mzuri kama nilivyofikiri.

Alhamisi, 19 Juni 2003

Wameondoka alfajiri. Amiri kwenye usukani, Meneja pembeni yake amevaa suti ya kijivu na bahasha ya Mzee Halfani mfuko wa ndani, karibu na moyo, kama alivyosema mwenyewe. Lori la salfa nyuma. Mwanaima naye kaenda na orodha yake ya Bluu. Tumeagana vizuri, mimi na yeye, kwa mara ya kwanza.

Habari za jana jioni zinatia moyo. Wazee wamekubali kuja wote. Mkwe wa Nandagala amekubali kurudi ili aishuhudie heshima ikirudishwa, na amekuja na ndugu zake. Inasemekana uwanja utajaa kuliko siku ile. Mzee Halfani ametuma salamu kwamba akishaombwa radhi vizuri, atasimama mwenyewe kuniombea nisiende Likunja. Niliposikia hivyo nilimwambia Getruda, akafurahi, akanikaangia mayai.

Nimekaa ofisini peke yangu. Nimefungua Rangi. Naandika maombi kwa bodi kwamba barua zote za umoja, za Nachingwea na Ruangwa, tangu sasa zitoke kwa Msaidizi, na nimeambatanisha kazi ya jana kama ushahidi.

Saa nne imepita. Kwa hesabu yangu wameshapanga viti, Meneja ameshaichana bahasha, na kipaza sauti kimefunguliwa mpaka mwisho. Anaanza na jina.